Fimbo ya Jioni

Ugonjwa wa Kola ulikuwa na saa zake za kazi, na kwa bahati mbaya saa hizo hazikupatana na za mtu mwingine yeyote. Uliripoti kila siku kabla ya jua kuchomoza, ukamshika vidole, viwiko, magoti na nyayo, ukamkaza kama mlango wa mbao ulionyeshewa mvua. Ikifika saa nne ulianza kulegea. Saa sita mchana ulikuwa umeshafungasha virago, na jioni mwanamke yuleyule aliyekuwa hawezi kushika kijiko angeweza kulikimbilia basi, akalipata, na pumzi ikambakia ya kumgombeza kondakta.

Daktari aliuita baridi yabisi. Alimweleza kwamba kinga ya mwili wake, iliyowekwa pale imlinde, imegeuka na kuanza kumpiga yeye mwenyewe kwenye maungio, kama mlinzi wa getini aliyelewa akamzuia mwenye nyumba. Akaongeza kwamba ugonjwa huo hauponi, unatulizwa tu, na vidonge atakunywa maisha yake yote. Kola alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: hauwezi kusogezwa ukaanza saa kumi na moja jioni? Daktari alicheka sana. Kola hakuwa anatania.

Maana kazini aliingia saa mbili kamili asubuhi, na huko alitakiwa aonekane mzima. Nyumbani alirudi jioni, na huko alitakiwa aonekane mgonjwa. Kwa hiyo kwa miaka miwili mwanamke huyu, mgonjwa kwelikweli, mwenye kadi ya kliniki iliyojaa mihuri kurasa tatu, alikuwa akijifanya mzima wakati anaumwa na kujifanya mgonjwa wakati hana neno. Ukimwita mwongo utakuwa umemwonea. Ukimwita mkweli utakuwa umemsifu bure.

Tuanze na kazini, ambako ndiko alikopewa jina. Miaka tisa alikuwa akishona kola za mashati ya shule katika karakana ya Madamu: mashine kumi na mbili kwenye ukumbi mmoja wenye feni mbili, moja ikizunguka na nyingine pambo. Madamu alitembea na futi ya kupimia shingoni na imani moja kubwa moyoni, kwamba maradhi ni uvivu uliokwenda shule. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Yule binti wa vifungo alipojitokeza kusema ana pumu, Madamu alimpa pole mbele ya watu wote, akamsogezea kiti dirishani, akamnunulia soda, na mwisho wa wiki akamtakia afya njema huko huko kwao, asirudi. Karakana nzima ilijifunza. Tangu siku hiyo mtu akikohoa alisema amepaliwa.

Kola naye akajitafutia njia. Saa mbili asubuhi vidole vyake vilikuwa vimejaa kama ndizi, sindano haikushikika. Basi alichukua kikombe cha chai ya moto, akakibana katikati ya viganja viwili, akasimama wima mbele ya lundo la mashati ya jana na kuanza kuyakagua kwa macho. Alilipindua shati kwa kiwiko, akatikisa kichwa, akasema huu mfuko umepinda, ile mikono haijalingana. Shati lililostahili kurudiwa alilisukuma pembeni kwa nyonga. Magoti yalikuwa yakimlilia, naye anatabasamu. Madamu akaona, akapendezwa, akawa anawasema wenzake: mtazameni mwenzenu, hakai mpaka ahakikishe kazi ya jana imenyooka. Saa nne na nusu ndipo Kola alipokaa kwenye mashine yake, na hapo aliiendesha kama anayefukuzwa na polisi. Jioni idadi yake ilikuwa imewapita wote.

Zilibaki siku za kliniki, mara moja kila miezi mitatu. Hizo alizifunika kwa kesi. Alimwambia Madamu kwamba ndugu wanagombania shamba la marehemu baba yake, na shauri liko mahakamani. Hakuna uongo uliowahi kumpa mtu raha kama ule. Kesi ya shamba haishangazi mtu ikichukua miaka, haihitaji cheti, na ukirudi umechoka na macho mekundu watu wanakuonea huruma kwa sababu kila mmoja ana shemeji yake aliyemfanyia hivyo hivyo. Madamu mwenyewe alikuwa akiuliza, hakimu amesemaje? Kola anajibu, ameahirisha.

Sasa twende nyumbani. Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, vyumba saba vya wapangaji viko juu, na ngazi kumi na nne za saruji zisizo na pa kushika. Bomba na vyoo viko uani. Chini kulikuwa na sehemu ya mwenye nyumba, mbele, na chumba kimoja tu cha kupangisha, hatua sita kutoka kwenye bomba. Hicho ndicho alichokikalia Kola, na hicho ndicho kila mtu alichokitamani.

Mwenye nyumba walimwita Mama Masharti, wengine mpaka usoni kwake, naye hakukasirika. Mumewe marehemu alisumbuliwa na miguu miaka yake ya mwisho, akaacha neno kwamba chumba cha bombani apewe mpangaji ambaye ngazi zimemshinda, kwa kodi ileile ya juu. Neno zuri. Ila marehemu hakusema atajulikanaje, na hapo mjane akapata kazi ya kufanya. Alianzisha kikao. Mara moja kwa mwaka, Jumapili, saa kumi alasiri, wapangaji wanakaa uani, anayekitaka chumba anaeleza maumivu yake, anayekikalia anajitetea, na mikono inanyooshwa. Mtu mwingine angeona ni aibu kushindanisha wagonjwa. Wapangaji waliona ni burudani, wakakiita Kikao cha Magoti, na waliokuwa na safari walizisogeza mbele.

Kola alikuwa ameshinda vikao viwili. Hakuwa na nafasi ya kushindwa. Akipelekwa juu, asubuhi asingefika kwenye maji kabla ya saa tatu, labda abebwe kama godoro. Asingefika kazini saa mbili. Chumba kikienda, kazi inafuata, na kazi ikienda, hakuna chumba kitakachobaki, kiwe cha juu au cha chini.

Tatizo ni kwamba watu wa nyumba ile walikuwa na muda wa kumtazama mtu jioni tu. Asubuhi kila mmoja na ndoo yake na haraka yake. Jioni ndipo waliposhuka na vigoda, mboga zikachambuliwa, watoto wakaogeshwa, na habari za mtaa zikapikwa zikaiva kabla ya wali. Sasa jioni Kola anaingia getini magoti yanateleza kama yamepakwa mafuta. Angepita vile, wangesema amepona. Na asubuhi yake, ile ya kweli, aliimaliza peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, tangu saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu aliiona ni aibu. Yaani walichotakiwa kukiona alikificha, na badala yake akawaletea maigizo.

Maigizo yenyewe yalihitaji fimbo. Aliiweka kwa Fundi Viatu, mzee aliyeshona soli kwenye kibanda cha kona, katikati ya nyumbani na kazini. Asubuhi Kola alitoka na fimbo akiiegemea kweli, akafika kibandani, akaiacha, akakaza meno na kumalizia mitaa mitatu bila fimbo, asije akaonwa nayo na Madamu. Jioni alipita mwepesi, akaichukua, akaanza kuchechemea. Fundi Viatu aliona yote hayo kwa mwaka mzima, na siku moja tu ndiyo aliyofungua mdomo. Alimwambia, dada yangu, katika watu wote wenye fimbo niliowahi kuwaona, wewe peke yako ndiye unayeiacha ukiihitaji na kuichukua usipoihitaji.

Mwaka ule mpinzani alikuwa Dereva. Dereva alistaafu malori akahamia chumba cha juu mwisho, akaja na mgongo. Jamani, mgongo ule. Ulikuwa na historia, ramani na mashahidi. Alijua ulianzia kwenye shimo gani la barabara gani, mwaka gani, na mzigo ulikuwa saruji. Akipanda ngazi alipumzika kila hatua na kutoa taarifa: hii ya tano ndiyo inanichoma hapa, hii ya tisa inashuka mpaka kisigino. Alikuwa na mguno wa aina tatu, mmoja wa kuinuka, mmoja wa kukaa na mmoja wa kumsindikiza mgeni. Wapangaji walimpenda. Maumivu ya Dereva yalieleweka, yalikuwa na sauti. Kola alikuwa mkimya, na watu hawampi pole mtu mkimya, wanamwona anaringa.

Mama Pacha, aliyekaa juu karibu na ngazi, mwenye watoto wawili na masikio yasiyo na idadi, ndiye aliyempelekea Kola habari kwamba kura zinayumba. Alimshauri kama shoga. Alimwambia ajifunze kuguna.

Kola alijaribu. Alifunga mlango, akaguna, akasikika kama mtu aliyekanyaga mjusi. Akaacha.

Halafu Jumatano ya wiki ya kikao, saa mbili na nusu asubuhi, Mama Masharti akaingia karakanani kupima mapazia. Yeye na Madamu walisoma darasa moja utotoni, wakabaki wanashindana tangu jedwali la kuzidisha. Alipogeuka akamwona mpangaji wake amesimama wima mbele ya lundo la mashati, hana fimbo, kikombe mkononi, anacheka na mpiga pasi. Hakujua kwamba cheko lile lilikuwa limeshikiliwa kwa meno. Kola alitoa shikamoo. Mama Masharti aliitikia marahaba ndefu, iliyoanzia kichwani kwa Kola ikaishia kwenye ndala, na wakati wa kuondoka akamkaribisha mwenzake nyumbani Jumapili, aje aone wanavyoishi kwa utaratibu.

Jumapili ikafika. Uani hapakuwa na pa kuweka mguu. Mama Masharti alikaa kwenye kiti chenye mikono, Madamu pembeni yake na futi yake shingoni, maana aliivaa hata siku za mapumziko. Dereva alizungumza kwanza. Alisimama kwa mguno namba moja, akasimulia shimo, akasimulia saruji, akageuka ili waone mahali penyewe, na alipokaa kwa mguno namba mbili kuna mama alijifuta jicho.

Kola akainuka na fimbo yake. Ilikuwa saa kumi, mwili wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mtu yeyote pale, na hilo ndilo lililomharibia. Alichechemea kwenda mbele. Mama mmoja akamuuliza, kwa upole kabisa, kama jana hakuwa akichechemea mguu wa kulia. Kola akatazama chini, kweli, leo alikuwa amechagua wa kushoto. Kicheko kikapita uani kama upepo. Alieleza kwa maneno machache kwamba viungo vinamuuma vyote, pande zote mbili, na kwamba asubuhi ni vibaya zaidi. Alipomaliza hakuna aliyejifuta chochote.

Hapo Mama Masharti akasema kuna mgeni anayemjua huyu dada vizuri kuliko sisi, tumsikilize. Madamu alisimama. Kama alijua anachotumwa, basi alikificha vizuri. Kola baadaye aliamini hakujua, alichojua ni kujisifu tu. Akasema huyu ni mfanyakazi wake bora. Miaka tisa hajachelewa hata siku moja. Asubuhi wenzake wanapiga miayo, yeye ameshasimama anakagua kazi, tangu saa mbili mpaka saa nne na nusu kwa miguu, bila kukaa. Mbali na siku chache za kesi ya shamba la baba yake, hajawahi kukosa. Mgonjwa? Huyu? Alicheka kwa moyo safi. Akasema angekuwa na kumi kama huyu angewafunga wenye viwanda.

Hata Dereva alisahau kuguna.

Kola alisimama katikati yao na fimbo mkononi. Aliona vizuri kabisa alipofikishwa. Akisema Madamu amekosea, mimi ni mgonjwa, chumba kinabaki na Jumatatu atatakiwa afya njema na kununuliwa soda. Akisema Madamu amesema kweli, kazi inabaki, na kesho kutwa anahesabu ngazi kumi na nne. Watu wote aliowadanganya kwa uaminifu kwa miaka miwili walikuwa wamekaa pamoja, wanamtazama.

Aliilaza fimbo chini. Akasimama wima.

"Madamu amesema alichokiona," alisema. "Na ninyi mmeona mlichokiona. Ugonjwa ninao. Nilichodanganya ni saa."

Mama Masharti akamtaka aseme kitu kinachoeleweka.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi njooni mlangoni kwangu, mama, na Madamu naye. Na yeyote mwenye nafasi. Msigonge na msinisaidie. Kaeni tu msikilize mpaka nitoke."

Mama Masharti hakuwa mwanamke wa kukataa kikao cha ziada. Kura zikaahirishwa, kama ile kesi.

Usingizi wa Kola siku hiyo ulikuwa wa mang'amung'amu. Hakuogopa kuumbuka. Aliogopa kwamba ugonjwa, kwa jinsi ulivyokuwa mkorofi, ungechagua kesho kuchelewa. Kuna siku ulimwachia, moja moja, bila sababu, akaamka kama msichana. Hebu fikiria amewaita watu kutazama maumivu, halafu afungue mlango mara moja, habari za asubuhi.

Haukuchelewa. Alipofumbua macho ulikuwa umeshakaa kila mahali pake.

Nje aliwasikia wanakusanyika. Vigoda vilivutwa. Mama Pacha alikuwa amekuja na chupa ya chai kama anayekwenda kutazama mpira. Kwenye ngazi kulikuwa na kishindo cha mtu anayeteremka mbiombio, ngazi zote kumi na nne kwa mkupuo, asikose nafasi ya mbele, na Kola akatambua kobazi za Dereva. Mama Pacha alizitambua pia, maana alisikika akimpa pole ya mgongo kwa sauti ya kila mtu.

Siku nyingine zote Kola alikuwa na mbinu. Alilaza chupa ya maji ya moto kitandani tangu usiku, akaikumbatia nusu saa kabla ya kuthubutu kukaa. Gauni lake la kazi aliling'oa vifungo vyote akatia lastiki. Komeo la mlango alilivuta kwa mpini wa mwiko, baada ya vidole kuloweshwa. Leo hakutumia chupa. Aliona kuwa si haki kuwaita watu waone halafu awaonyeshe maumivu yaliyopunguzwa makali.

Alijigeuza ubavu, akasubiri, akasukuma miguu ikaanguka chini yenyewe. Nyayo zilipogusa sakafu zilipokea taarifa ya kokoto, ingawa sakafu ilikuwa laini. Kitanda kililia. Nje mtu alicheka kidogo, akanyamazishwa. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua nne za mtu mzima. Kola alizifanya kumi na moja, mkono ukutani, na kiganja kikikwaruza rangi ya ukuta ndicho walichokisikia nje, kwaruu, kimya, kwaruu, kimya. Hakuguna. Hakuwa na pumzi ya kupoteza huko.

Alichukua mwiko. Ukaanguka. Kuuokota ilibidi apige magoti, na kupiga magoti ilibidi ajadiliane na kila goti peke yake. Akaupata kwa viganja viwili, kama mtoto anavyoshika kikombe, akaupitisha kwenye komeo, akavuta. Mwiko ukaanguka tena. Mara ya tatu ulipoanguka hakukuwa na sauti ya chai inayomiminwa wala kigoda kinachosogezwa. Alisikia mtu mmoja akinong'ona, mfungulieni, na Mama Masharti akijibu kwamba komeo liko ndani, mtamfunguliaje.

Mwisho aliutupa mwiko, akainama, akalivuta komeo kwa meno.

Mlango ulifunguka. Alikuwa na shuka aliyojifunga kifuani, nywele wazi, na kutu midomoni. Alikuwa hajawahi kuonwa hivyo na mtu yeyote mwenye kodi ya kulipa. Walikuwa wengi kuliko alivyofikiri.

"Hilo ni komeo," alisema. "Bado kuoga."

Dereva alikuwa mbele kabisa, amechuchumaa, na alipogundua watu wanatazama alivyochuchumaa vizuri aliinuka polepole na kutafuta mguno, lakini ulikataa kutoka. Mama Pacha alimimina chai kwenye kikombe chake mwenyewe, akaenda akakiweka katikati ya viganja vya Kola bila maneno, jambo ambalo halikuwahi kumtokea Mama Pacha.

Mama Masharti alitangaza kwamba chumba kinabaki kilivyo. Mikono haikunyooshwa. Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akaongeza kwamba kuanzia mwakani kikao kitakuwa saa kumi na mbili asubuhi.

Alibaki Madamu. Hakuwa akimtazama Kola usoni, alikuwa akitazama vidole vilivyozunguka kikombe, jinsi vilivyokuwa havikunjiki. Alivijua. Kila asubuhi aliviona vimekaa vile vile na akavisifu.

"Kwa hiyo ule ukaguzi," alisema.

"Ndiyo, Madamu."

"Na kesi ya shamba?"

"Hakimu ni daktari."

Madamu akafikiri. Kola alisubiri soda.

"Miaka miwili hiyo, kuna kola yangu iliyorudishwa na shule yoyote?"

"Hata moja."

"Nilijua," Madamu alisema, kana kwamba ndilo swali pekee aliloamka kuja kuliuliza. "Saa mbili, basi. Usichelewe."

Hakuchelewa. Alikwenda na fimbo mpaka mlangoni pa karakana, akaingia nayo, akaisimamisha pembeni ya lundo la mashati. Madamu alipiga makofi kuwakusanya watu, akatangaza kwamba kuanzia leo karakana ina Mkaguzi wa Asubuhi, cheo rasmi, ambacho kwa hali ya biashara ilivyo hakina nyongeza. Halafu akawasimulia komeo. Akalisimulia vizuri, na meno na kutu, kama aliyelivuta yeye. Mwisho wake ulikuwa huu: mtu akifungua mlango kwa meno na akafika saa mbili, nyinyi wenye vidole kumi mtaniambia foleni?

Tangu hapo kila aliyechelewa alipigwa na komeo la Kola. Wenzake walimpa pole siku mbili, siku ya tatu wakaanza kumnunia. Mpiga pasi alimwambia waziwazi kwamba alikuwa mtu mzuri zaidi alipokuwa na kesi ya shamba. Kola alimwelewa. Amekuwa mfano wa kuigwa, na hiyo ni kazi isiyo na likizo. Lakini siku ya kliniki alisema nakwenda kliniki, Madamu akaguna aina ya nne, ambayo hata Dereva hakuwa nayo, akamruhusu. Na mmoja wa mashine ya saba, aliyekuwa akikohoa mwaka mzima na kusema amepaliwa, siku moja alimvuta Kola pembeni na kumuuliza daktari wake anapatikana siku gani.

Jioni moja ya wiki ile ile ya komeo alirudi na fimbo kwapani, kama mwavuli siku ya jua, akitembea alivyojaliwa. Fundi Viatu alimwona akasimamisha sindano. Habari alikuwa nazo zote, Mama Pacha alishapeleka kobazi zake kushonwa mara mbili wiki hiyo. Akatoa chini ya benchi kipande cha mkanda wa ngozi alichokishona kikawa kitanzi, kipana, cha kupitisha mkono mpaka kwenye kifundo. Alimwonyesha jinsi kitakavyofungwa kwenye komeo: unaingiza mkono, unarudi nyuma kwa uzito wako, mlango umefunguka, vidole havina habari. Hakutaka kitu.

Kola alikigeuza kitanzi mara mbili. Kilikuwa kizuri, mshono wake umenyooka, angeupitisha hata yeye. Katika watu wote waliokuja mlangoni kwake asubuhi ile, aliyefikiria komeo alikuwa huyu ambaye hakuwapo. Kisha akawaza mbali zaidi.

"Nitakifunga leo," alimwambia. "Ila mwakani wiki ya kikao nitakileta, kaka, uniwekee hapa hapa ulipokuwa ukiniwekea fimbo."

Mzee alicheka hadi akaangusha misumari.

Alipoingia getini, uani walikuwa wamekaa. Hakuchechemea. Hakuna aliyesema amepona, walimsogezea kigoda tu na Mama Pacha akaendelea na habari pale alipokuwa ameifikisha. Kutoka juu, chumba cha mwisho, kulikuwa na sauti ya nyundo, kishindo cha mtu mwenye mgongo imara anayepigilia kwa nguvu zake zote. Kola aliuliza ni nini hicho.

Dereva, akajibiwa, anafunga komeo jipya. Amelitafuta gumu.